Umeomba mafao ya ulemavu Marekani na bado unangoja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyasikia kwa miaka mingi kutoka kwa Waswahili wenzangu hapa Marekani, nikiwa nao mezani tukijaza fomu, tukisoma barua, au tukisubiri simu ya Social Security, idara ya serikali kuu inayotoa mafao haya, ipokewe. Nimeyapanga kuanzia yale ya mwanzo hadi yale yanayowakuta wachache. Jibu likihusiana na swali jingine, nimetaja namba yake.

## Mambo ya msingi

1. Nimeomba mafao ya ulemavu lakini sijui ni SSDI au SSI. Nitajuaje?

Angalia barua uliyotumiwa baada ya kuomba, jina litakuwa humo. SSDI ni bima uliyoilipia kupitia makato ya mshahara. Kwa kawaida mtu huhitaji krediti 40 za kazi, yaani alama unazokusanya kadiri unavyofanya kazi na kukatwa, na 20 kati ya hizo ziwe za miaka 10 ya mwisho kabla hajalemaa. Vijana huhitaji chache zaidi. SSI haijali umefanya kazi miaka mingapi. Inaangalia kipato chako na mali yako: isizidi dola 2,000 kwa mtu mmoja, au 3,000 kwa mume na mke. Nyumba unayoishi na gari moja havihesabiwi. Wengi huombewa yote mawili kwa pamoja, na hapo unaweza kukubaliwa moja na kukataliwa jingine.

Kipimo cha ulemavu kwa mtu mzima ni kilekile kote kuwili: maradhi au jeraha linalokuzuia kufanya kazi ya kujikimu, na ambalo limedumu au linatarajiwa kudumu angalau miezi 12, au kuishia kwenye kifo. Ulemavu wa nusu haupo. Mguu uliovunjika na kupona baada ya miezi mitano hauingii, hata kama miezi hiyo yote ulikuwa kitandani.

2. Faili langu liko kwa nani sasa hivi?

Ofisi ya Social Security ya eneo lako huangalia umri, krediti, kipato na hati za uhamiaji. Kisha faili huenda kwenye ofisi ya jimbo inayojulikana kwa herufi DDS. Huko kuna afisa anayeomba rekodi zako hospitalini, na daktari wa ofisi anayezisoma. Hao wawili ndio wanaoamua, na kwa kawaida hamtaonana uso kwa uso.

Ndiyo maana ukienda ofisi ya eneo lako kuuliza mbona hujajibiwa, unaambiwa hawajui. Faili kweli haliko kwao. Uliza jina na simu ya afisa wa DDS anayelishughulikia, uandike mahali usipopoteza.

3. Uamuzi wa kwanza huchukua muda gani?

Kwa kawaida miezi 6 hadi 8. Kinachochelewesha zaidi ni rekodi za hospitali: kliniki isiyojibu barua, au hospitali ambayo hukuitaja kwenye fomu kwa sababu ulilazwa siku mbili tu ukaona si kitu. Itaje.

4. Nitafuatiliaje bila Kiingereza?

Piga 1-800-772-1213 na useme neno moja tu, "Swahili", kisha usikate simu. Mkalimani ni bure, kwenye simu na ofisini pia. Mwenye intaneti anaweza kuona hatua ya ombi lake kwenye akaunti ya my Social Security.

Tafadhali, usimtumie mtoto wako wa shule kama mkalimani. Kuna mambo ya mwili wako ambayo hutayasema mbele yake, na yeye ana maneno ambayo hatathubutu kuyatafsiri kwa mama yake. Yanayobaki bila kusemwa hayafiki kwenye faili.

## Miezi ya kungoja

5. Kuna la kufanya, au nikae nisubiri?

Lipo, tena kubwa. Faili halifungwi siku unapotuma ombi; linaendelea kujaa hadi siku ya uamuzi. Endelea na matibabu. Ukikosa kliniki miezi minne, anayesoma atadhani umepona. Kama umekosa kwa sababu ya nauli, bima au dawa iliyokulevya, mwambie daktari aandike sababu hiyo. Ukibadilisha kliniki, ukilazwa, ukipewa dawa mpya, mjulishe afisa wa DDS. Ukihama, toa anwani mpya siku hiyohiyo.

Na fungua barua. Mama mmoja aliniletea mfuko wa dukani wenye bahasha 11, nane zikiwa hazijafunguliwa. Alizitunza vizuri, zimepangwa, mfuko umefungwa fundo. Alikuwa anangoja barua "yenye uamuzi" na hizo nyingine aliziona za usumbufu tu. Ya sita ilikuwa fomu ya maswali, na tarehe ya kuirudisha ilikuwa imepita wiki tatu. Tulipiga simu asubuhi ileile, afisa akakubali kuipokea, lakini siku chache mbele ombi lingekataliwa kwa kukosa ushirikiano. Kama husomi Kiingereza, mtafute mtu wa kukusomea kila wiki, hata kama barua inaonekana haina maana.

6. Fomu inauliza kama napika, nafua, naenda dukani. Nikisema ndiyo, si nitanyimwa?

Usiseme uongo, wala usiishie kwenye "ndiyo". Wanachotafuta ni namna unavyofanya: kwa muda gani, kwa msaada wa nani, na baada yake unakuwaje.

Wengi wetu tumelelewa kujikaza. Mtu anaandika "napika" kwa sababu kwake kupika ni kuwalisha watu, na watu wamekula. Nikimuuliza taratibu, nasikia kwamba anamenya vitunguu akiwa amekaa kitini, sufuria anainua binti yake, na wali ukishaiva yeye yuko kitandani na chupa ya maji ya moto mgongoni. Hayo yote ndiyo jibu. Andika: "Napika mara mbili kwa wiki, nikiwa nimekaa, dakika 15. Binti yangu hubeba vitu vizito. Baadaye nalala kwa muda wa saa mbili." Usiandike siku yako nzuri kuliko zote, wala ile mbaya kuliko zote peke yake. Sema kwa mwezi zipo ngapi za kila aina.

Kwenye fomu ya kazi, tangu Juni 2024 wanaangalia kazi za miaka 5 iliyopita badala ya 15. Eleza ulichofanya kwa mikono: kilo ulizoinua, saa ulizosimama. Cheo peke yake hakiwaambii kitu.

7. Wamenipangia daktari wao. Niende?

Nenda. Wanalipa wao, na ukikosa bila sababu nzuri wanaweza kukukataa kwa hilo tu. Kama siku hiyo haiwezekani, piga simu kabla. Omba mkalimani mapema, na uliza kuhusu nauli, kwa sababu wanaweza kukurudishia.

Hapa adabu yetu inatuponza. Niliwahi kukaa kama mkalimani pembeni ya mzee aliyepooza upande wa kushoto kwa kiharusi. Daktari aliingia akamuuliza habari. Mzee akaitikia kama alivyolelewa: "Nzuri, namshukuru Mungu." Nikatafsiri kama alivyosema, ndiyo kazi ya mkalimani. Ripoti ilipokuja, mstari wa kwanza ulisema mgonjwa anaeleza kuwa anajisikia vizuri. Mkono wake wa kushoto ulilala juu ya paja muda wote ule, na saa aliyovaa kulia alifungiwa na mkewe kabla hatujatoka.

Kwetu mtu akiwa hata na homa ya kumtetemesha ataulizwa hujambo aseme sijambo. Hatudanganyi, tunasalimiana. Daktari hajui hilo. Itikia salamu, kisha ongeza: "Hiyo ilikuwa salamu tu, daktari. Hali yangu ni hii." Halafu anza na kile kinachokuzuia zaidi. Uchunguzi wenyewe huwa mfupi, kwa hiyo usiache la muhimu liwe la mwisho. Akikuambia uiname na huwezi, usijikaze. Inama pale unapofika, sema "hapa panauma", simama.

8. Daktari wangu ameandika kuwa mimi ni mlemavu. Mbona haitoshi?

Kwa sababu sheria imeacha neno hilo kwa Social Security. Kwa maombi yaliyowasilishwa kuanzia tarehe 27 Machi 2017, maoni ya daktari wako hupimwa kwa jinsi yanavyoungwa mkono na vipimo na kukubaliana na rekodi nyingine. Barua ya mstari mmoja haina nguvu. Mwombe aandike unaweza kukaa kwa dakika ngapi, kusimama kwa muda gani, kuinua kilo ngapi, na ungekosa kazi siku ngapi kwa mwezi. Barua kama hiyo inafaa hata ikija miezi mitano baada ya ombi.

Usisahau maradhi "madogo". Sukari na presha peke yake huenda visitoshe, lakini sukari iliyotia miguu ganzi, pamoja na mgongo, pamoja na usingizi usiokuja tangu vita, vinatakiwa kupimwa kwa pamoja.

9. Jina langu hospitalini halifanani na la Social Security. Ni tatizo?

Linaweza kuchelewesha faili sana. Wengi waliopitia kambini wamepewa tarehe 1 Januari kama siku ya kuzaliwa, na majina yamegeuzwa: la baba limekuwa la kwanza, au herufi moja imeongezeka. Rekodi za mtu mmoja zinakaa kama za watu wawili. Mpe afisa wa DDS orodha ya majina na tarehe zote ulizowahi kuandikishwa, na kwenye kila jina utaje hospitali.

10. Naweza kufanya kazi kidogo nikingoja?

Unaweza, lakini kuna mpaka. Mwaka 2025 ulikuwa dola 1,620 kwa mwezi kabla ya makato, au 2,700 kwa asiyeona. Hubadilika kila Januari. Ukizidi mpaka huo, kwa kawaida wanakukataa bila hata kusoma rekodi za hospitali. Ukiwa chini yake, toa taarifa, na kama mwajiri anakupunguzia majukumu au kukuruhusu upumzike zaidi ya wenzako, mwombe aliandike hilo. Aliyejaribu kazi akashindwa baada ya wiki chache naye aseme: jaribio lililoshindikana kwa sababu ya ugonjwa linaweza kumsaidia. Kwa SSI, kila dola inayoingia nyumbani inatakiwa kutajwa.

11. Sina kipato. Nitaishije?

Omba SNAP kwa ajili ya chakula na Medicaid kwa ajili ya matibabu sasa hivi, usingoje uamuzi. Baadhi ya majimbo na kaunti hutoa pesa kidogo kwa anayengoja SSI. Soma unachotia saini: mara nyingi unakubali pesa hizo zikatwe kwenye malimbikizo yako, yaani mafao ya miezi ya nyuma, ukishinda. Si wizi, lakini watu hushtuka siku hiyo ikifika. Kuhusu bima ya afya baada ya kukubaliwa, tazama swali la 18.

12. Kuna njia ya kuharakisha?

Zipo chache. Ipo orodha ya magonjwa mazito iitwayo Compassionate Allowances, yenye saratani ya kongosho na ALS (ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli) miongoni mwake, ambayo hupitishwa haraka. Mgonjwa aliye ukingoni mwa maisha naye hupewa kipaumbele; familia iseme wazi, ijapokuwa ni neno zito kulitamka. Asiye na chakula, dawa au mahali pa kulala aandike barua na kuambatanisha ushahidi, kama notisi ya kufukuzwa nyumbani.

Kwa SSI tu, hali kama upofu kamili, uziwi kamili au sindromu ya Down zinaweza kukupa malipo ya awali hadi miezi 6 kabla ya uamuzi, na huyarudishi ukikataliwa kwa sababu za kitabibu. Ofisi ya mbunge wako wa Congress inaweza kuulizia faili lilikokwama, ingawa haiwezi kubadilisha uamuzi.

## Uamuzi ukifika

13. Nimekataliwa. Niombe upya?

Kata rufaa. Hili ndilo kosa linalogharimu watu pesa nyingi kuliko yote. Kukataliwa mara ya kwanza huwapata wengi wanaostahili. Anayeanza ombi jipya huweza kupoteza tarehe ya ombi la kwanza, na malimbikizo yanahesabiwa kutoka hapo. Kwa SSDI kuna hatari zaidi: bima ina tarehe ya kuisha baada ya kuacha kazi, na ukizungukazunguka na maombi mapya tarehe hiyo inakupita.

Una siku 60 tangu kupokea barua, na wanachukulia kuwa uliipokea siku 5 baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Kwa kawaida hatua ya kwanza ni faili kuangaliwa upya na afisa mwingine. Ukikataliwa tena, unaomba kikao mbele ya jaji. Baada ya jaji lipo Baraza la Rufaa, kisha mahakama ya shirikisho. Kila hatua ina siku zake 60.

14. Siku 60 zimepita. Nimekwisha?

Hapana. Wasilisha rufaa leo na uambatanishe maelezo ya kwa nini umechelewa. Kulazwa hospitali, kufiwa, kutopokea barua, na hata kutojua Kiingereza ni miongoni mwa sababu ambazo kanuni zao zinazitambua. Usikubali jibu la mdomo dirishani kwamba muda umeisha. Omba waipokee rufaa na wakujibu kwa maandishi.

15. Nimepewa tarehe ya jaji. Nitegemee nini?

Notisi huja angalau siku 75 kabla. Kikao kinaweza kuwa cha ana kwa ana, kwa video au kwa simu. Ushahidi mpya, au taarifa kwamba upo na unaufuatilia, unatakiwa kumfikia jaji angalau siku 5 za kazi kabla ya kikao. Siyo kama mahakama ya jinai: hakuna wakili wa upande wa serikali anayekushambulia. Jaji atakuuliza kuhusu siku yako, kisha atamuuliza mtaalamu wa ajira kama mtu mwenye mipaka kama yako angepata kazi.

Mkalimani ni bure. Sema mapema Kiswahili chako ni cha wapi. Mtu wa Uvira na mtu wa Mombasa wanaelewana sokoni, lakini chini ya kiapo neno moja linaweza kupinda. Kama Kibembe au Kimaay ndiyo lugha unayoelezea maumivu, omba hiyo. Usipomwelewa mkalimani, simamisha kikao useme. Yaliyosemwa ya salamu kwenye swali la 7 yanahusu hapa pia.

16. Nahitaji wakili? Na atalipwaje?

Kwenye ombi la kwanza wengi hujimudu. Kwa jaji, mimi namshauri kila mtu awe naye. Kwa mkataba wa kawaida analipwa ukishinda tu: asilimia 25 ya malimbikizo, na tangu Novemba 2024 isizidi dola 9,200. Anaweza kudai gharama za kuchukua rekodi, kwa hiyo uliza kabla ya kutia saini. Mashirika ya msaada wa kisheria hayatozi.

17. Nimekubaliwa. Pesa zinaanza lini?

SSDI huruka miezi mitano kamili tangu ulemavu ulipoanza. Kama wameandika ulianza tarehe 10 Machi, miezi inayorukwa ni Aprili hadi Agosti. Haki yako inaanza Septemba na pesa ya Septemba hulipwa Oktoba. Wenye ALS hawaruki miezi hiyo. Unaweza kulipwa nyuma hadi miezi 12 kabla ya kuomba. Soma tarehe ya kuanza waliyoandika: wakiisogeza mbele mwaka mzima, unaweza kukata rufaa hata kama umekubaliwa, ila ongea na wakili kwanza kwa sababu faili zima linaweza kufunguliwa.

SSI huanza mwezi unaofuata ule wa kuomba. Mwaka 2025 kiwango cha juu cha serikali kuu kilikuwa dola 967 kwa mwezi kwa mtu mmoja. Malimbikizo makubwa hulipwa kwa mafungu hadi matatu, kila baada ya miezi 6, na mwenye deni la nyumba au matibabu anaweza kuomba fungu likuzwe. Pesa hiyo haihesabiwi kama mali kwa miezi 9. Baada ya hapo, iliyobaki benki inaingia kwenye ule mpaka wa dola 2,000.

18. Na bima ya afya?

SSI huleta Medicaid, kwenye majimbo mengi moja kwa moja na kwengine kwa ombi la pembeni. SSDI huleta Medicare baada ya miezi 24 ya haki ya mafao. Kwa ALS ni tangu mwezi wa kwanza.

## Hali zisizowapata wote

19. Mimi ni mkimbizi. Nina muda maalum?

Kwa SSI, mkimbizi au aliyepewa hifadhi hulipwa kwa miaka 7 tu tangu apate hadhi hiyo, isipokuwa awe raia au atimize masharti mengine kama green card pamoja na krediti 40. Miaka hiyo haisimami kwa sababu faili lako liko kwa jaji. Anza uraia mara unaporuhusiwa. Kama ugonjwa unakuzuia kujifunza Kiingereza au historia ya nchi, daktari anaweza kujaza fomu N-648 ili usamehewe mtihani. SSDI haina mpaka huu wa miaka.

20. Naweza kwenda nyumbani kuwaona wazazi?

SSI haina malipo kwa mwezi mzima ulio nje ya nchi, na ukikaa nje siku 30 mfululizo hulipwi hadi urudi na kukaa siku 30 mfululizo. Kwa anayengoja, hatari kubwa ni barua au miadi ya daktari wao kukukuta haupo. Kama ni msiba, mpigie afisa kabla ya kupanda ndege, na umwachie mtu ufunguo wa sanduku la barua.

21. Mtu amepiga simu anasema nikilipa ataharakisha faili.

Kata simu. Social Security haiuzi nafasi, haiombi kadi za zawadi wala pesa kwa simu. Hata akijua jina lako kamili, hata akizungumza Kiswahili kizuri.

22. Aliyeomba amefariki kabla ya uamuzi. Ombi limekufa naye?

Si lazima. Kwa SSDI, kilichokuwa haki yake kinaweza kwenda kwa mwenzi, watoto au wazazi kwa mpangilio wa sheria. Kwa SSI mlango ni mwembamba: mwenzi aliyeishi naye ndani ya miezi 6 kabla ya kifo, au wazazi kama marehemu alikuwa mtoto. Kama rufaa ilikuwa inaendelea, ndugu anayestahili anaweza kuomba kushika nafasi yake. Peleka cheti cha kifo na cha ndoa au kuzaliwa, na uombe kwa maandishi. Tarehe za mwisho za rufaa zinaendelea kuhesabiwa hata wakati wa matanga, kwa hiyo mmoja wa familia apewe jukumu la kufungua barua za marehemu.